Jiko Lisilopoa

Siku ya kwanza nilipomwona Bi Barke sikuuona uso wake. Niliona miguu. Moshi ulikuwa umejaa jikoni mwake kutoka darini hadi usawa wa magoti, na chini ya moshi huo palikuwa na miguu miwili mikavu, yenye hina iliyofifia, imekaa huku na huku ya mbuzi ya kukunia nazi. Nazi ilikuwa inakunwa. Kichwa cha mkunaji sikukiona.

Aliyenileta ni Jalila, mke wa mwanawe. Alinikuta Magogoni, upande wa Kisauni, nikimtengenezea muuza chapati mlango wa jiko lake la kuni, akasimama kando mpaka nikamaliza, kisha akaniambia kwamba kwao Junda hali ilikuwa mbaya zaidi. Tulitembea mimi nikiwa nyuma.

"Mama," Jalila akaita kutoka mlangoni, "fundi wa majiko huyu hapa."

"Mwambie ainame," sauti ikajibu kutoka ndani ya moshi. "Kwangu haingii mtu wima."

Nikainama. Ndipo nikamwona: bibi mdogo wa mwili, leso imefungwa puani, macho mekundu yanamwagika machozi, na juu ya machozi yale anacheka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Weye ndiye fundi? Mwanamume mzima wafinyanga majiko?"

"Kwetu ni kazi ya akina mama kweli. Mama yangu ndiye alinifundisha."

"Kwenu wapi?"

"Vihiga."

"Ala! Basi bara nako huja vitu vya maana. Mimi nalidhani huja mahindi tu."

Akina mama wa hapa wakinitania huwa natafuta kitu cha kutazama, na siku hiyo kilikuwepo. Nikalitazama jiko.

Lilikuwa jiko kubwa la kujengwa, limeshikana na ukuta wa nyuma, lina mdomo mmoja wa kuni, mashimo mawili ya sufuria na dohani ya bati ya kutolea moshi, iliyotoboa paa. Umbo lake lilikuwa zuri. Ubaya ulikuwa mawe. Aliyelijenga alitumia mawe ya tumbawe, yale yale ya kujengea nyumba, kisha akayasiriba kwa udongo. Jiwe la tumbawe linabeba ghorofa, lakini ukiliweka motoni kila siku, mwaka baada ya mwaka, linageuka chokaa. Nikaingiza kidole kwenye ufa karibu na mdomo wa jiko, kikatoka cheupe kama kimechovywa kwenye unga.

"Nani alijenga, Bi?"

"Bwanangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mwashi. Alijua nyumba, basi akanijengea moto wangu nyumba." Akakohoa, akatema mate ndani ya kitambaa. "Nalimwambia, yakhe, hili wanijengea tanuri la chokaa. Akasema wanawake hawajui mawe."

Nikamweleza kazi. Moto uzimwe, jiko lipoe mpaka ndani, nitoe mawe yote, niweke matofali ya udongo wa kichuguu, nisiribe kwa udongo uliochanganywa na jivu na samadi, halafu likauke polepole kivulini bila kuguswa na moto. Wiki mbili hivi. Baada ya hapo moshi ungepanda juu wenyewe.

"Moto huu hauzimwi," akasema.

"Hata siku mbili za kuanzia?"

"Hata muda wa kunywa maji."

Nilidhani anaogopa kupoteza wateja, maana nilikuwa nimeona beseni la mahamri na sufuria ya mbaazi. Nikaanza kusema kwamba wateja wangemwelewa. Jalila akakohoa nyuma yangu, na hakikuwa kikohozi cha moshi.

"Fundi," Bi Barke akasema, "wataka kazi au wataka kunihubiria? Jumapili bado."

Basi nikafanya alivyotaka. Uani kulikuwa na mafiga matatu. Bi Barke akachota makaa kwa koleo, akayaweka kwenye kigae, akayatoa nje kwa hatua za taratibu kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni. Akaweka makumbi ya nazi, akapuliza, akaongeza kuni za mvinje. Moto ulipokuwa umesimama vizuri kule nje, akanigeukia.

"Haya, ingia. Kabla ya alasiri uwe umemaliza. Moto wangu haulali nje. Moto wa kulala nje ni wa arusi au wa matanga, na hapa hapana arusi."

Ilikuwa imetoka adhuhuri tu. Nilipanda juu ya paa, nikashusha ndani ya dohani gunia lililofungwa jiwe, nikapandisha na kushusha mpaka masizi yakaacha kudondoka. Nikakomba jivu lililokuwa limeziba nyuma. Nikajaza nyufa. Lakini udongo mbichi juu ya jiwe la moto hauna maisha. Unatoa mvuke, unakauka juu kabla ya ndani, kisha unabanduka kama ganda la yai. Nilijua hivyo nikiwa bado nausiriba.

Hata hivyo moshi ulishuka kidogo. Bi Barke akarudisha makaa yake ndani, akakaa, akatazama juu.

"Mwenyezi Mungu akulipe," akasema. "Nalikuwa nimesahau dari yangu ina rangi gani."

Mlangoni nikamwambia Jalila kwa sauti ndogo kwamba nyufa zingerudi.

"Najua," akasema. "Wewe utarudi?"

"Nitarudi. Lakini kwa nini hataki uzimwe?"

Akatazama nyuma yake. "Muulize mwenyewe. Mimi neno hilo siwezi kulisema ndani ya nyumba hii."

Sikumwuliza. Nilirudi, nikaziba, nikarudi tena, nikaziba. Mishi, jirani aliyekuja kila asubuhi kuchukua mahamri, akaanza kuniita bwana harusi. "Bi Barke, posa hii imekawia," angesema. "Mtu hodi kila mwezi na udongo mkononi, si akubaliwe tu?" Bi Barke angemjibu kwamba yeye hataki mwanamume anayeanguka ukutani kila akipata joto. Wangecheka wote mpaka kicheko cha Bi Barke kigeuke kikohozi, na Mishi anyamaze, amshike mgongo.

Siku aliyoniambia mwenyewe, alikuwa anakanda unga nami nikikanda udongo, kila mmoja kwenye beseni lake.

"Weye huniulizi kitu," akasema. "Mafundi wengine huuliza mpaka nimezaa wangapi."

Nikaendelea kukanda.

"Nimezaa mmoja. Bwanangu alipokufa, moto wa jiko hili ulizimwa siku tatu. Kwetu ndivyo. Nyumba yenye msiba haipiki, majirani ndio hukuletea hata chai. Nalikaa hapa nikalitazama jivu siku tatu, na mpaka leo nikimkumbuka bwanangu, siioni sura yake, naliona lile jivu. Kisha moto ukawashwa, maisha yakaendelea." Akaugeuza unga, akaupiga kwa kiganja. "Talha akakua, akaoa, akawa ndiye apelekaye mahamri kituoni Magogoni. Asubuhi moja akatoka na ndoo. Ndoo ilirudi."

Alinisimulia kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kuyasimulia hayo mbele ya madirisha mengi ya ofisi. Lilikuja gari lisilo na namba. Watu wake waliita jina la Talha, naye akawaendea akidhani ni wateja, kifuniko cha ndoo kikiwa mkononi. Mwendesha bodaboda ndiye aliyeiokota ndoo na kuileta nyumbani, mahamri yakiwa bado yana joto. Baada ya hapo Bi Barke na Jalila walikwenda vituo vya polisi, wakaenda hospitali, wakaenda vyumba vya maiti na kufunuliwa vijana wa watu wengine. Kila mahali waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo.

"Maiti sikuiona," akasema. "Kaburi hakuna. Wanambia ni miaka sasa, nikae matanga. Nizime moto, nani amekufa? Nambie weye fundi, nani amekufa?"

"Pole, Bi," nikasema.

"Pole huambiwa mfiwa. Mimi sijafiwa." Akafunika unga kwa kitambaa. "Akirudi akute moto. Alikuwa hapendi mahamri ya beseni, alitaka la kwanza kutoka karaini, limuunguze vidole ndipo alione tamu. Haya, kabla ya alasiri, fundi."

Tangu siku hiyo nikaacha kumwambia habari ya kuzima. Nikatafuta njia nyingine.

Jikoni hapakuwa na nafasi ya jiko la pili, lakini nyuma ya nyumba palikuwa na kibaraza kidogo chenye paa. Nikamwuliza Bi Barke kama kibaraza kile ni ndani au ni nje. Alisimama mbele yake akakiangalia muda mrefu.

"Ukikizungushia ukuta ni ndani," akasema.

Basi nikakizungushia ukuta wa mabati na nikajenga jiko jipya, kwa matofali ya udongo niliyoyafanya mwenyewe, bila jiwe hata moja la tumbawe. Udongo wake niliukandia maji ya mfereji, maana maji ya visima vya Junda yana chumvi, na chumvi hufanya udongo utoke jasho. Lilikuwa jiko zuri. Nikalifunika magunia yenye unyevu likauke polepole, na Bi Barke akawa anakuja kulichungulia kama mtu anayechungulia mkate. Mpango ulikuwa makaa yatoke jiko la zamani yaingie jipya siku ile ile, moto usilale nje wala usife. Halafu ningelibomoa lile la tumbawe kwa nafasi yangu.

Mvua za masika zikaja kabla halijakauka. Mnajua Junda mvua ikishika. Maji hayakuanguka juu ya jiko, paa lilikuwepo. Yalikuja kwa chini, yakapita uani, yakapanda kibarazani mpaka kwenye miundi. Udongo ambao haujaona moto ni udongo tu. Niliporudi maji yalipopungua, nilikuta kichuguu chekundu kimelala pale, na dohani mpya imeegemea ukuta.

"Limeyeyuka kama sukari," Bi Barke akasema kutoka mlangoni. Hakunilaumu. Alikuwa ameshika kifua kwa mkono, kwa sababu ya kikohozi.

Masika ile kuni zote za Kisauni zilikuwa mbichi. Kuni mbichi haiwaki, inatokota, na moshi wake unaganda ndani ya dohani kama lami. Nikawa napanda juu ya paa mara kwa mara. Ni juu ya paa ndiko nilikosikia jambo ambalo halikuwa langu. Dohani ikiwa safi inapandisha na maneno.

Maalim Idarus, mdogo wake Bi Barke, anayesomesha madrasa, alikuwa ameingia jikoni chini yangu.

"Dada," nikamsikia, "yule kijana wa Kiembeni anayemtaka Jalila ameuliza tena. Mtu mwema wallahi, ana duka lake la vitambaa. Jalila bado ni mtoto. Kadhi atamsikiliza."

"Na aende kwa kadhi. Nimemfunga kamba?"

"Wajua hendi bila radhi yako."

"Radhi yangu anayo. Ananipepea moto tangu alfajiri, nitamnyima radhi kwa lipi?"

"Si hiyo, dada. Wajua ni ipi. Sema tu kwamba Talha ametangulia. Tumsomee hitima, tukae siku tatu, yeye akae eda yake, kisha aanze maisha. Ukisema weye, atakwenda. Usiposema, atazeeka hapo mlangoni."

Nikasikia hamri likitiwa kwenye mafuta ya karai.

"Idarus, uliiona maiti?"

"Sikuiona."

"Uliiosha?"

"Dada..."

"Umemlaza wapi, nijue pa kupeleka udi na maji ya waridi?"

"Moto si mtu, dada."

"Najua si mtu. Mtu angekuwa ameshachoka na mimi." Kisha akapaza sauti: "Fundi! Wasafisha huko juu ama watusikiza?"

"Nasafisha, Bi."

"Basi safisha polepole. Masizi yaniangukia kwenye unga, na mahamri meusi hayajapata mnunuzi."

Nilimsikia Maalim Idarus akicheka kidogo bila kupenda. Nilipokuwa nashuka ngazi nikamwona Jalila amesimama nyuma ya mlango wa uani, kapu la makumbi kichwani. Alikuwa hapo muda wote.

Daktari alipompima Bi Barke alimwambia aache moshi au moshi utamwacha yeye kaburini. Jalila akaleta gesi, mtungi mdogo wa kijani na kichwa chake cha kuwashia. Bi Barke akashukuru, akauweka pembeni, akaufunika leso nzuri, akaweka juu yake mkebe wa hiliki. Mishi akasema Bi Barke ameivisha gesi buibui isionekane na wanaume. Mtungi ule haukuwashwa hata mara moja.

Baada ya hapo nilijaribu neno mara moja tu. Alikuwa amepumzika kwenye kigoda, anapumua kama mtu anayepanda mlima, nami nikasema, "Bi, likipoa siku chache tu, nitalitengeneza lisitoe moshi tena maisha yako yote."

"Siku chache," akasema. "Siku tatu zatosha kunizikia mtoto."

Nikaokota mwiko wangu wa kusiribia.

Jiko lilikufa kwa sababu ya sufuria ya mbaazi. Mbaazi zilifurika, maji yakapita kwenye ufa yakafika ndani, kwenye yale mawe yaliyokwisha kuwa chokaa. Aliyewahi kuona chokaa mbichi ikimwagiwa maji anajua. Ilichemka, ikavimba, ikasukuma. Ukuta wote wa mbele ukaanguka jikoni kwa kishindo, sufuria ikafuata, na moto ukabaki wazi kama ulioachwa jalalani, dohani ikining'inia juu yake bila kazi. Jalila aliunguzwa mguu. Bi Barke alikuwa tayari kitandani wiki hiyo, katika chumba cha jirani na jiko, na swali lake la kwanza lilikuwa kama moto upo.

"Upo, Mama," Jalila akamjibu.

Uliendelea kuwapo. Hakuna tena aliyekaanga mahamri, wateja wakahamia kwa wengine, lakini moto uliendelea kuwaka ndani ya yale magofu. Bi Barke alisema moto usio na chombo juu yake ni wa mchawi, kwa hiyo Jalila akaweka sufuria ya maji. Maji yalichemka, yakaisha, akaongeza mengine. Nilimkuta hivyo kila nilipopita, ameketi kwenye mbuzi, anasukuma ukuni, anajaza sufuria. Sikuwa na la kutengeneza. Nilikuwa nabeba kuni kavu nikizipata, naziweka mlangoni, naondoka. Mke wangu Milcah aliniuliza ninakwenda kufanya nini kwenye jiko lisilo jiko, nikafunga mzigo mwingine wa kuni.

Siku ya mwisho ya moto ule nilikwenda na mzigo wa kuni nikakuta viatu vya Maalim Idarus mlangoni na vya Mishi kando yake. Walikuwa wamemtoa Bi Barke chumbani kwa amri yake mwenyewe, wakamlaza kwenye mkeka jikoni, kichwa juu ya mapaja ya Mishi. Nilitaka kurudi.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni fundi," Mishi akasema.

"Akae."

Nikakaa kizingitini. Jalila alikuwa mbele ya moto, ametugeuzia mgongo. Alikohoa. Alijizuia, akabana leso mdomoni, kisha kikamshinda akakohoa kirefu, kikohozi kile cha chini, chenye maji, nilichokuwa nakijua katika nyumba ile tangu siku ya kwanza.

"Hicho cha nani?" Bi Barke akauliza.

"Ni moshi tu, Mama."

"Nimekuuliza ni cha nani."

"Changu."

"Tangu lini?"

Jalila alisukuma ukuni. Mishi akajibu. "Tangu masika, Bi Barke. Usiku naisikia nyumba hii yakohoa watu wawili."

Bi Barke akafumba macho. Nikadhani amelala. Maji yalichemka ndani ya sufuria, na kwa mazoea Jalila akanyanyua kikopo aongeze.

"Nalikuwa nikisikia," Bi Barke akasema, macho bado amefumba. "Kila siku nalisikia ukutani. Nikawa nadhani ni mimi."

"Mama, si kitu."

"Weka hicho kikopo chini."

Jalila akakiweka.

"Idarus."

"Naam, dada."

"Mwanangu Talha ametangulia." Alilisema polepole kama mtu anayesomewa neno naye akilifuata. "Nenda kawaambie watu. Na huyu mpeleke kwa kadhi. Radhi yangu anayo, ile wanayoitaka, anayo."

Jalila akapiga ukelele mmoja tu, kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Maalim Idarus akainuka, akaichukua ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mlango ili aumwagie moto. Nikamshika mkono. Ndani ya yale mawe chokaa ilikuwa bado nyingi, maji yangelipasua lililobaki mbele ya uso wa mgonjwa. Nikamwambia moto huu uachwe ujifie. Jalila mwenyewe ndiye aliyevuta kuni, moja moja, akazilaza mbalimbali sakafuni, zikabaki zinatoa moshi kila mmoja peke yake.

Yaliyofuata ni mafupi. Watu wa Junda walikaa matanga ya Talha siku tatu. Majirani walileta chai na wali, na mimi nilileta mkate kwa sababu ndicho nilichoweza. Baada ya siku tatu nikalibomoa jiko, nikaondoa kila jiwe la tumbawe, nikalijenga upya kwa matofali. Lilikuwa bado linakauka chini ya magunia Bi Barke alipokufa. Akina mama walipokuja msibani walikuta hapana moto wa kuzima.

Jalila alikaa eda yake yote. Yule mtu wa Kiembeni hakuingoja, alioa kwingine kabla haijaisha. Jalila akarudi kwa wazazi wake Likoni, na kikohozi akaenda nacho. Habari ya Talha haikuja, si ya uhai wala ya kifo, na sasa hakuna mtu mlangoni wa kupelekewa.

Nyumba ile Maalim Idarus ameipangisha kwa watu wanaopika kwa gesi. Nilipita siku moja, nikaomba niingie kulitazama jiko. Wanaweka viatu juu yake. Nikawasha karatasi nikaishika mdomoni mwa jiko, na moshi ukavutwa wote ndani, ukapanda dohani, haukubaki hata wa kuwasha jicho. Ndilo jiko zuri kuliko yote niliyojenga. Mpangaji akaniuliza kama nataka kuinunua dohani yake. Nikasema hapana.

Siku ile ya mwisho ya moto, wengine walipokuwa wametoka kwenda uani kupiga simu na kulia, nilibaki kizingitini kwa sababu sikujua kama mtu anatoka mbele ya wengine au baada yao. Kuni zilikuwa zinafuka sakafuni. Nikasogea karibu na jiko, kwa mazoea tu, nikagusa ukuta wa upande kuona kama unashikika, nikautafuta mwiko ndani ya kikapu. Ilikuwa imetoka adhuhuri. Bi Barke alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka, na nikangoja aniambie alasiri inakuja.

"Leo sikuharakishi, fundi," akasema. "Liache lipoe mpaka ndani."